Nilimzika Mke Wangu kwa Simu

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nitakueleza nilipofikia. Sitarudia yote, maana aibu ni yangu.

Mimi ni Runji, wa duka la dawa za mifugo pale Kanja. Mke wangu ni Wambeti, mama wa mtoto wetu Ciku, lakini wengi wenu mnamjua kwa jina lingine. Ndiye aliyekuwa Nesi Salome kwenye mchezo wa televisheni wa Inspekta Kathuri, yule mpelelezi wa koti la kahawia. Kila Jumanne Inspekta alikamata mwizi, na kila Jumanne alishindwa kumwambia Nesi Salome kwamba anampenda. Miaka minne nchi nzima ilingoja waoane. Hawakuoana. Nesi Salome alipelekwa ng'ambo kusoma, Inspekta akabaki uwanja wa ndege ameshika maua.

Aliyemwoa ni mimi, niliyekuwa nikiitwa Mshukiwa wa Pili. Kazi yangu ilikuwa kukimbia, kuanguka mtaroni na kufungwa pingu. Siku ya harusi yetu shangazi yake aliuliza, kanisani, mbele ya watu wote, Inspekta amechelewa wapi.

Basi mwezi jana, miaka kumi na minne baadaye, simu ililia. Alikuwa mwanamke anaitwa Angeline, mwongozaji wa filamu. Wanamrudisha Inspekta Kathuri kwa filamu moja ndefu, itapigwa picha Meru, na ndani yake Nesi Salome anarudi na hatimaye wanaoana. Walimtaka Wambeti. Namba waliyokuwa nayo ni yangu.

Nikasema, "Hayupo."

Akauliza, "Hayupo nyumbani?"

Nikasema, "Hayupo tena."

Akasema, "Mungu wangu. Lini?"

Nikasema, "Juni."

Hapo ndipo niliwaacha. Nilizima simu, nikanunua laini nyingine, nikafikiri mambo yameisha.

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa nampimia mzee Gitari dawa ya minyoo ya mbuzi. Vincent wa bodaboda akaingia dukani bila kuzima pikipiki. Akavua kofia. Vincent havui kofia hata akiingia kanisani.

"Mzee Runji," akasema, "pole sana."

"Pole ya nini?"

Akatazama chini. "Kwani hawajakupigia? Mama Ciku ametuacha."

"Nani amesema?"

"Kuna magari mawili meusi yalisimama hapo steji. Yako na shada la maua. Wameuliza kwa marehemu Wambeti ni wapi. Wameonyeshwa njia, wameenda."

Wewe unayesoma umetulia utasema nilipaswa kuelewa hapo hapo. Sikuelewa. Mtu akisema uongo mkubwa hufanya bidii kuusahau, na mimi nilikuwa nimefaulu. Nilichosikia ni kwamba mke wangu, niliyemwacha saa moja asubuhi akisugua mitungi ya maziwa, amekufa, na kwamba watu wa maua wamejua kabla yangu.

Dawa ikamwagika kwenye kaunta. Gitari akasema, "Runji, keti kwanza." Sikuketi.

Juu ya pikipiki nilikumbuka kwamba asubuhi aliniuliza kama aongeze viazi kwenye mahindi na maharagwe ya githeri, nikamjibu, "Fanya unavyotaka," bila kuinua macho. Miaka yote hiyo, na neno la mwisho likawa la viazi.

Nililia. Nakiri hapa gazetini kwa sababu hamnioni. Nililia mpaka Vincent akapunguza mwendo. Nikamwahidi Mungu kwamba akinirudishia Wambeti, sitasema uongo tena mpaka nife.

Mungu alinirudishia. Ahadi yangu ilidumu kama dakika mbili.

*

Bomani mwangu kulikuwa na viti vya plastiki, vyetu na vya jirani, na wageni sita wameketi. Shada la maua lilikuwa limeegemea tangi la maji. Kando yake picha kubwa ya Nesi Salome kwenye fremu, na utepe mweusi umekatiza pembeni.

Na katikati ya wageni, akimimina chai, Wambeti. Mzima.

Amevaa kitambaa cheusi kimeshuka hadi kwenye nyusi, miwani ya kusomea Biblia, na lile sweta la kukamulia ng'ombe.

Nikafungua mikono, nikafungua mdomo.

"Shemeji!" akapiga ukelele kabla sijasema neno. "Shemeji Runji! Wageni wa marehemu dada wamefika!"

Akanikumbatia, akalia begani mwangu. Watu waliona shemeji wawili wakifarijiana. Sikioni mwangu akasema, polepole:

"Nilikufa Juni, sivyo? Haya, endelea."

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Alifungua lango, akamkuta msichana ameshika maua, ndiye Angeline, akaambiwa pole kwa kifo cha Wambeti, mume wake aliwaeleza kwa simu. Mwanamke mwingine angepiga mayowe. Mke wangu aliomba dakika moja, akaingia ndani, akatoka akiwa mdogo wake mwenyewe, Caroline, ambaye mama yake hakuwahi kumzaa.

Angeline hakumtambua. Alikuwa msichana wa shule wakati ule wa mchezo, na Nesi Salome wa kwenye kanda alikuwa mwembamba kama mti wa maharagwe. Wambeti wa leo ni mama wa boma, ana mwili.

Mmoja tu pale ndiye angemtambua. Kobia. Inspekta Kathuri mwenyewe, na koti lilelile la kahawia, siku hizi halifungiki. Sasa ni muuza vitunguu wa jumla pale soko la Gakoromone. Lakini Kobia alikuwa ameinamisha uso ndani ya kitambaa, analia, haoni mtu.

"Pole sana, mzee," Angeline akaniambia. "Hatukutaka kuja bila kusema. Simu yako haikuwa inaingia."

"Ilianguka kwa maji," nikasema.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwa Mungu ilivyokwisha.

"Shemeji," Wambeti akasema, akinipa kikombe, "waeleze wageni vile dada alienda. Mimi nikianza, nalia tu."

"Si umewaeleza?"

"Niwaeleze nini na sikuwako? Ulikuwa wewe na yeye peke yenu."

Angeline akatoa simu, akaomba kurekodi, maneno mawili tu ya kumbukumbu, yatawekwa mwanzoni mwa filamu. Wote wakanitazama.

"Aliugua," nikasema.

"Akiugua nini?" Angeline akauliza kwa upole.

"Tumbo."

"Tumbo?" Wambeti akashangaa. "Shemeji, mimi uliniambia ni kifua."

"Lilianza tumboni. Likapanda."

"Likapanda kama minyoo?"

"Kama... ndiyo. Madaktari walijaribu."

"Madaktari gani? Si ulisema ulimtibu mwenyewe na dawa za dukani?"

Jamaa wa kamera aliyekuja na Angeline akanitazama vibaya. Nikanywa chai yote kwa mara moja, ikanichoma.

"Na maneno yake ya mwisho?" Angeline akauliza.

"Aliniambia nimtunze Ciku wetu," nikasema. Nikaona hilo limewagusa wageni, nikaongeza, "Akasema nimekuwa mume mwema."

Wambeti alipaliwa na chai. Ikabidi apigwe mgongoni.

"Alisema hivyo? Dada yangu?"

"Kwa sauti ya chini."

"Lazima ilikuwa chini kabisa." Akajipangusa mdomo. "Na hakusema kitu juu ya kuigiza? Maana mimi alikuwa akiniambia kila mara, Caroline, siku wakinitafuta tena nitaenda, hata kama ni kwa miguu."

Hilo halikuwa la kuigiza. Niliijua sauti yake. Miaka kumi na minne sikuwahi kusikia neno kama hilo kutoka kwake. Ama sikuwahi kuuliza.

"Hakusema," nikajibu.

Angeline akatikisa kichwa. "Inaniuma sana. Hata wale wa kabla yangu walipompigia, miaka mitano iliyopita, waliambiwa ameokoka, hataki tena mambo ya televisheni."

Wambeti akaweka birika chini.

"Kumbe walipiga mara mbili?"

"Ndiyo. Mzee ndiye aliwajibu."

"Alikuwa ameokoka kweli," nikasema haraka.

"Hata mimi nimeokoka," Wambeti akasema. "Wokovu haukatazi mtu kupokea simu yake."

Ndipo Kobia akazungumza kwa mara ya kwanza, ndani ya kitambaa.

"Nataka kuona kaburi."

*

Sikuwa nimefikiria kaburi. Mtu ukimzika kwa simu hufikirii kaburi.

Lakini mwezi huohuo wa Juni tulikuwa tumezika ng'ombe. Ng'ombe wetu Sifa alivimba tumbo akafa, na kwa sababu mimi ndiye ninayewauzia watu dawa ya kuvimba tumbo, nilimzika kimya kimya, nyuma ya mti wa pili wa mkadamia, ili jirani wasijue. Udongo ulikuwa bado umeinuka.

"Kule," nikasema, na mkono ukanyoosha wenyewe.

Wambeti akafuata kidole changu kwa macho. Nikaona mdomo wake ukitetemeka. Haikuwa huzuni.

"Twendeni," akasema. "Dada atafurahi."

Tukaenda kwa mstari. Maua yakawekwa juu ya Sifa. Mmoja wao akaomba, maombi marefu, akimshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kwa jinsi alivyowalisha wengi. Hapo hakukosea.

Kisha Kobia akasogea mbele, akavua koti, akalikunja mkononi.

"Wambeti," akasema. "Ni mimi, Kobia. Watu walifikiri mimi ndiye nyota. Kila kamera ilipowashwa nilikuwa nasahau maneno, na wewe unanikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikumbuke. Hakuna aliyejua. Watu waliona nyuso tu. Sikuwahi kusema asante. Hata kwa harusi yako sikuja, nilisema niko na homa. Sikuwa na homa."

Akalikunjua koti, akalikunja tena.

"Kuna jambo lingine nilitaka kukwambia, lakini mbele ya watu siwezi."

Nikamtazama Wambeti. Nesi Salome alikuwa akilia vizuri, tone moja tu, linateremka shavuni na kusimama penye mwanga. Wambeti akilia kweli hutoa kamasi. Sasa alikuwa akitoa kamasi, na hakuzipangusa.

Basi mimi, mume wake, nikasimama mbele ya kaburi la ng'ombe nikijazwa na wivu. Nikajiuliza ni jambo gani hilo lisilosemeka mbele ya watu, na nikajijibu mwenyewe, vibaya.

Wakati huo Mama Kithaka, jirani yetu, akafika mbio akilia kwa sauti, mikono kichwani. Habari zilikuwa zimefika kwake. Akazunguka mkadamia, akaona Wambeti amesimama. Mikono ikashuka kutoka kichwani.

Wambeti akamrukia, akamkumbatia kwa nguvu, akamnong'oneza kwa Kiembu. Mimi nilisikia. Alimwambia kwamba yuko hai, kwamba haya yote ni kazi ya Runji, kwamba bado hajamalizana naye. Akamwomba asimame langoni, na kila anayekuja kulia aambiwe ni watu wa filamu wanapiga picha.

Mama Kithaka akanitazama vile mtu humtazama mbwa aliyekula mayai. Akaenda langoni. Baada ya muda nikaanza kusikia kicheko barabarani, kinazimwa, kisha kinaanza tena.

Watu wa Nairobi hawakuelewa neno. Lakini Kobia ni Mmeru, na Mmeru hahitaji mkalimani kusikia Kiembu. Kitambaa chake kikasimama katikati ya uso. Kikabaki hapo.

*

Tuliporudi kwenye viti, Angeline hakuacha kumtazama "Caroline". Anamtazama yeye, anatazama picha, anamtazama yeye.

"Mmefanana sana na dada."

"Mama yetu alikuwa na sura moja tu ya kutoa," Wambeti akajibu.

"Umewahi kuigiza?"

"Mimi? Mimi ni wa ng'ombe."

"Jaribu tu kusoma. Ukurasa mmoja."

Akampa karatasi kutoka kwenye mswada. Ni pale Nesi Salome anaporudi na kumkuta Inspekta amezeeka. Wambeti akasimama, akaishika mbali na macho, akaanza kusoma kama anayesoma matangazo ya kanisa. Anasimama katikati ya maneno. Anameza mate mahali pasipo na koma. Jamaa wa kamera akainamisha kichwa kwa aibu. Mimi, niliyemwona akifanya kazi hiyo miaka minne, nilikuwa natazama kitu kigumu kuliko vyote: mwigizaji mzuri akijifanya hajui.

Lakini alipofika mwisho akajisahau. Ama alichoka kujificha. Akashusha karatasi, akanitazama mimi, si Kobia.

"Usinihadithie ulivyoningoja," akasema. "Niambie ulizifanyia nini zile siku zangu."

Kuku mmoja akapita chini ya viti. Angeline alikuwa anajisugua mkono kama aliyepigwa na baridi.

"Tunaanza Meru Jumatatu," akasema hatimaye. "Wiki tatu. Nilikuwa nimeandika upya, Salome awe amekufa. Sasa sitaki afe. Tafadhali, Caroline. Kuna mtu tunafaa kumwomba ruhusa? Bwana yako?"

"Sina bwana," Wambeti akasema. Akakunja karatasi mara mbili, polepole. "Ama ninaye, shemeji? Waambie wewe. Kama ninaye, sema."

Macho yote yakanigeukia.

Nikisema anaye, nimejifunua. Nikisema hana, ataondoka na gari la watu akiwa mwanamke huru, kwenda kuolewa na Inspekta mbele ya kamera, wiki tatu.

"Hana," nikasema.

Wambeti akaitikia kwa kichwa, kama daktari aliyepata jibu alilokuwa anatarajia.

"Basi nitakuja," akamwambia Angeline. "Ngojeni niwaongezee chai kwanza. Mmetoka mbali."

*

Kobia akasimama. "Mzee Runji, nionyeshe choo."

Hakutaka choo. Alinishika kiwiko, akanipeleka mpaka nyuma ya zizi, mahali ambapo wageni hawatuoni, akaniegemeza kwenye mbao.

"Ng'ombe alikuwa anaitwa nani?"

"Ng'ombe gani?"

"Huyo niliyemhubiria. Mimi nimezaliwa mashambani, kaburi la mtu nalijua. Lile lina upana kama mlango wa ghala. Na kuna kamba ya shingo imechomoza upande wa kichwa."

Sikuwa na pa kukimbilia.

"Sifa," nikasema.

"Mungu amlaze pema," akasema, na hakucheka. "Nimemsikia akiongea na yule mama. Yuko hai. Mimi nimekamata wezi miaka minne kwa televisheni, sijawahi kuona mtu kama wewe."

"Utasema?"

Akaangalia mikono yake, mikono ya mtu wa vitunguu, imepasuka vidoleni.

"Unajua kwa nini nimekuja? Nimekuja kuomba msamaha. Na Mungu anisamehe, niliposikia amekufa nilifurahi kidogo. Nikajua nitaomba na hakuna wa kunijibu. Sasa yuko hai, imekuwa ngumu."

"Msamaha wa nini?" nikauliza. Nilikuwa nangojea lile jibu langu baya.

"Mliambiwa Salome aliondolewa kwa nini?"

"Mimba," nikasema. "Walimwambia Wambeti kwamba nesi hajaolewa, watu hawawezi kumwona na tumbo."

Ilikuwa mimba ya Ciku wetu, ambaye sasa yuko shule ya bweni kule Nchiru. Wambeti hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Lakini miaka yote tuliishi na jambo hilo, kwamba kazi yake ilikufa kwa sababu yangu na ya mtoto. Na mkitaka kujua kwa nini nilimdanganya Angeline, si kwa sababu ya Inspekta peke yake. Niliogopa. Mtu ambaye umemharibia maisha akipewa nafasi ya kuyarudia, atabaki Kanja afanye nini?

"Haikuwa mimba," Kobia akasema. "Mimba wangeificha. Wangempiga picha kuanzia kifuani kwenda juu, wasimamishe meza mbele yake. Ni mimi."

"Wewe?"

"Barua za watazamaji zilikuwa zinakuja na gunia. Gunia zima ni lake. Mimi napata tatu, na mbili ni za mama yangu. Jina la mchezo ni langu, barua ni zake. Nikaenda kwa mtayarishaji nikamwambia achague, yeye ama mimi. Wakaandika ile safari ya ndege. Hiyo hadithi ya tumbo ni mimi niliyewapatia."

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hasira. Ilikuwa furaha.

Kumbe kuna mwovu kunipita. Kumbe miaka kumi na minne nimebeba mzigo wa mtu mwingine. Ningeweza kuzunguka zizi sasa hivi, nimwambie Wambeti yote, na kufikia jioni mimi ningekuwa mume aliyeteleza kidogo tu kwa simu, na Inspekta ndiye shetani. Nikaona hata githeri yenye viazi.

Kobia akanisoma usoni.

"Unafikiria kumwambia."

"Hapana."

"Unadanganya tena. Sikiliza, ndugu yangu. Wewe ukinyamaza, na mimi nanyamaza. Aende Meru akiwa Caroline, aigize, apate raha yake. Akirudi, mtajuana nyinyi wawili. Lakini hili la barua lizikwe."

"Kando ya Sifa," nikasema.

"Kando ya Sifa."

Akanipa mkono. Nikaushika. Tukatikisa mara mbili, kama watu waliouziana shamba.

Ndipo nikasikia kitu kikikoma. Nilikuwa sijakisikia mpaka kilipokoma. Ni ile sauti ya maziwa yakipiga ndoo, tsii, tsii, kutoka ndani ya zizi, upande wa pili wa mbao tulizoegemea.

Maziwa ya asubuhi yalikuwa yamepelekwa diari kuuzwa. Ya chai ya wageni ilibidi yatoke kwa ng'ombe.

Mlango wa zizi ukafunguka. Wambeti akatoka na ndoo. Akaiweka chini vizuri, isimwagike. Akavua miwani. Akavua kitambaa. Hakunitazama, hakumtazama Kobia.

"Nilimlaumu mtoto," akasema. "Hajazaliwa hata, bado yuko tumboni, nikamlaumu. Akilia usiku namwacha alie kidogo kabla sijaamka. Kidogo tu. Nikisema ni uchovu."

"Wambeti, tafadhali," Kobia akaanza.

"Wambeti amekufa. Si umeomboleza mwenyewe?"

"Mama Ciku," nikasema.

"Na wewe huna mke. Umesema mbele ya watu sita."

Akageuka upande wa viti, akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka kumi na minne, sauti inayofika nyuma kabisa ya ukumbi bila kupigwa kelele.

"Madam Angeline! Njoo huku nyuma! Na uje na kamera. Si simu, ile kubwa."

Wakaja wote. Angeline akaona ule uso bila kitambaa, akashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Yesu," akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi. Nitakueleza yote, na Jumatatu nitakuja Meru kwa jina langu, kama bado unanitaka. Lakini kwanza nataka mnipigie kitu kimoja."

Jamaa wa kamera alikuwa ameshaiweka begani. "Ni tukio gani hili, mama? Sijaliona kwa mswada."

"Haliko."

Akamshika Kobia bega, akamsimamisha kwenye mbao za zizi, upande wa kulia. Akanishika mimi, akanisimamisha kushoto. Akarudi nyuma hatua tatu, akatutazama kama mtu anayenunua fahali na hapendi anachokiona. Langoni watu wa Mama Kithaka walikuwa wameshaingia, wamejaa mpaka kwenye mkadamia.

"Taa nyekundu inawaka?" akauliza.

"Inawaka."

"Haya. Yule aliyeniharibia maisha aseme mwenyewe. Nani ataanza?"

Kobia akaninyooshea kidole. Na mimi, nisamehewe, kidole changu kilikuwa tayari kiko mbele ya pua yake.